Sponji Kwenye Dirisha la Boila

Jumapili, 5 Januari

Wamefika! Rudayna na mtoto, saa sita mchana, wamezongwa mablanketi matatu. Binti yangu atakaa kwetu mpaka atimize arobaini yake, na mumewe, Maen, amesharudi bandarini Akaba. Miaka tisa tumengoja. Madaktari, sindano, machozi chooni bomba likiwa wazi ili tusimsikie. Sasa tuna Ghaith. Kilo mbili na nusu. Pua amechukua yangu, maskini. Naogopa hata kumshika. Mikono hii imezoea magiaboksi ya malori.

Mke wangu, Umm Qusai, hajavua hata baibui, kashaanza kutoa amri. Upepo ukimpiga mzazi kabla ya arobaini, mifupa itamuuma maisha yake yote. "Ziba kila mahali, Abu Qusai! Nisione pazia likitikisika!" Yeye kachukua madirisha, kayazungushia utepe yote. Mimi nikaifuata baridi iliyokuwa ikitambaa sakafuni ukumbini. Inatoka chini ya mlango wa chumba cha boila, lile tanuri la dizeli linalopasha redieta zetu moto, pale chini ya ngazi. Ndani mna kidirisha cha vyuma kisichofungwa, na upepo wa milima ya Ajloun unaingia humo bila hodi. Nikakata sponji ya godoro la zamani, nikaishindilia, nikabandika juu yake utepe wa kijani niliobaki nao tangu jeshini. Kazi ya dakika kumi. Sikuona haja ya kumwambia mtu.

Redieta zinaunguza mkono. Nyumba ina joto la hamamu. Mtoto kalala. Nimesimama mlangoni nikihesabu pumzi zake kama mwehu.

Jumatano, 8 Januari

Nimeamka kwa baridi. Boila imezima! Taa nyekundu inawaka kwenye kichomeo. Nimebonyeza kitufe, kikanguruma, kikawaka, kikazima. Mara ya pili, vilevile. Nilisikia mtoto akilia juu. Redio inasema theluji inakuja wiki ijayo.

Lakini mimi ni Mufleh, fundi wa malori miaka ishirini na mbili. Nikachomoa jicho — kile kioo kidogo kinachoutazama moto. Lisipouona moto, linakata dizeli. Nimelikuta jeusi kwa masizi. Nikalifuta kwa pamba na kolonya ya Umm Qusai, nikalirudisha. Likawaka! Sasa chumba cha boila kinanukia bwana harusi.

Umm Qusai: mwite Abu Rakan aje aitazame. Nimemwambia afadhali nichome milango. Awwad, huyo Abu Rakan, ni fundi wa boila, naye anakaa ng'ambo ya barabara. Tangu uchaguzi wa manispaa hatuamkiani. Alikuja sebuleni kwangu na wazee wa ukoo wake, akanywa kahawa yangu, akaahidi kura za nyumba yake nzima kwa binamu yangu. Akaenda kumpigia shemeji yake. Kahawa yangu iko tumboni mwake! Simwiti.

Alhamisi, 9 Januari

Jicho jeusi tena. Nimelifuta asubuhi, nimelifuta jioni. Masizi haya yanatoka wapi? Hapo nyuma nilikuwa nalifuta mara moja kwa mwaka.

Kichwa kinagonga. Umm Qusai naye analalamika kichwa. Tumelaumiana: mimi kwa sigara, yeye kwa maneno mengi.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeteremka mjini, nimenunua chujio jipya na nozeli. Muuza vipuri ananiuliza nani anakutengenezea. Nikasema mimi mwenyewe. Akanitazama kwa heshima, au kwa huruma, sijui. Dizeli ndiyo mbovu, nina hakika. Wale wa lori la mafuta wameichanganya na kitu.

Njiani kichwa kilinyamaza. Nimerudi nyumbani, baada ya saa moja kimeanza tena.

Nimefunga chujio, nimefunga nozeli. Imewaka vizuri... mwali wa manjano, mrefu, mvivu. Haukunipendeza. Zamani ulikuwa mfupi na mkali. Nikajiambia ni nozeli mpya, itazoea.

Rudayna katapika. Anasema chumba kinazunguka. Umm Qusai kasema ni jicho la watu. Kaanza kuwataja kwa majina wanawake waliokuja kumwona mtoto, hasa yule mmoja aliyesema "mbona mnene hivi!" bila kutaja jina la Mungu. Kayeyusha shabu jikoni, akamzungusha mtoto juu yake mara saba. Shabu ikafanya umbo. Umm Qusai akaliona jicho. Mimi niliona shabu. Sikusema kitu.

Mtoto hanyonyi vizuri. Anashika titi kidogo, analala.

Jumatatu, 13 Januari



Asubuhi haikuwaka kabisa. Nilibonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, huku Umm Qusai ananipigia kelele kutoka juu kwamba midomo ya mtoto ina baridi. Najua — NAJUA! — kwamba kila ukibonyeza, dizeli inamwagika tumboni mwa boila. Niliwafundisha vijana wangu wa jeshi: injini isipowaka, usiinyweshe mafuta, tafuta sababu. Nikabonyeza mara ya sita.

Mungu wangu. Bum! Mlango wa boila uliruka ukagonga ukuta. Bomba linalopeleka moshi kwenye dohani likaruka kutoka mahali pake. Moshi mweusi, ngazi zote nyeusi, mimi nimekaa chini sina nyusi. Sikusikia kitu kwa muda. Halafu nikasikia binti yangu akipiga mayowe, "Baba! Baba!" Nilichoweza kusema ni kwamba sikufa.

Umm Qusai aliponiona alilia kwanza, kisha akanitukana, kisha akanifuta uso kwa kanga ya jikoni. Kasema: Abu Rakan. Nikasema hapana. Kasema utatuua kwa kichwa chako kigumu. Nikasema mwanamke, nenda juu.

Nimelirudisha bomba, nimelizungushia utepe wa foili mahali palipoachana. Nimekausha dizeli kwa matambara. Jioni imewaka. Inanguruma, inatetemesha vikombe kabatini. Nimekaa mbele yake na ndoo ya mchanga. Naogopa kifaa nilichokinunua mwenyewe.

Jumanne, 14 Januari

Theluji! Tangu alfajiri. Barabara ya Irbid imefungwa.

Nimepanda paani kusukuma theluji isituangukie. Saa mbili nzima koleo mkononi, umri wangu huu, na kichwa safi kabisa! Sijajisikia hivi kwa siku kadhaa. Hewa ya baridi ni dawa. Ng'ambo nilimwona Awwad naye yuko paani kwake. Tulisimama tukatazamana, kila mtu na koleo lake. Akainua mkono kidogo. Nikajifanya nafuta pua.

Nimeshuka, nimekunywa chai kando ya redieta. Kichwa kimerudi kabla chai haijaisha.

Rudayna ana mashavu mekundu. Umm Qusai anafurahi, anasema supu ya kuku imeanza kumwingia. Lakini anazungumza polepole. Nilimwuliza leo siku gani, akafikiri. Akasema Jumapili.

Jumatano, 15 Januari

Jicho limefutwa mara tatu. Mtoto analala. Analala tu. Umm Qusai anasema mtoto mtulivu ni baraka. Mimi sitaki utulivu huu. Nataka alie.

Nimempigia simu fundi wa Irbid. Anasema mpaka barabara ifunguliwe. Nimesimama dirishani kwa muda nikitazama mlango wa Awwad. Hatua thelathini. Kesho, nikasema. Kesho nitafikiri.

Alhamisi, 16 Januari

Niko hospitali ya serikali, korido ya watoto. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kichwa ukutani. Mtoto na mama yake wako ndani, nyuma ya mlango wa kijani. Umm Qusai yuko mbele yangu na tasbihi, midomo inamcheza.

Asubuhi nilikuwa nafuta jicho nikasikia kishindo ukumbini. Rudayna! Kaanguka mlangoni mwa jikoni, mtoto mkononi, kamkumbatia hata katika kuanguka kwake. Mashavu mekundu mno. Mtoto hakulia. Nikampiga kofi dogo la mguu, akafungua macho, akayafunga.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sikutaka kukumbuka. Kambi ya Mafraq, theluji kama hii, mimi nina miaka ishirini na sita. Askari wawili walilala ndani ya lori, injini ikiwaka, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mimi ndiye niliyefungua mlango asubuhi. Walikuwa wamekufa, mashavu mekundu, wamependeza, ungedhani watakuamkia. Baada ya siku ile kila kijana aliyepita mikononi mwangu nilimwapisha: injini haiwaki penye kufungwa. Moto unataka hewa, ukinyimwa utakunyima wewe. Maneno yangu mwenyewe! Miaka ishirini nikiyasema!

Na mimi nimesimama ukumbini, nayatazama madirisha na utepe wake, siwezi kusogea.

Aliyesogea ni Umm Qusai. Hakuniomba ruhusa. Katoka na ndara, ushungi umemwanguka, kakata theluji ya magotini mpaka ng'ambo, kapiga mlango kwa ngumi mbili. Nilimsikia, na mtaa mzima ulimsikia: "Abu Rakan! Binti yangu! Kwa ajili ya Mungu!"

Awwad alikuja na pajama, koti juu yake. Hakunisalimu. Alinusa hewa mara moja, akapita ananisukuma bega, akazima umeme wa boila, akapasua utepe wa madirisha yote kwa kisu. Baridi ikaingia kama maji. Umm Qusai akapiga ukelele, "Arobaini! Mzazi!" Awwad akamwambia, "Dada, bora mifupa imuume miaka hamsini. Wavalishe, tunaondoka." Kisha akafungua chumba cha boila.

Nilimfuata. Sijui kwa nini nilimfuata. Akamulika tochi kwenye bomba nililofunga foili, akatikisa kichwa. Akamulika ukutani. Akaiona. Akachopoa sponji, ikatoka nyeusi tii, imelowa masizi. Akaishika mbele ya uso wangu.

"Nani kaziba hapa?"

Nikasema sijui. Nikasema labda wale waliopaka rangi.

"Na utepe wa jeshi walikuja nao wao?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Lini, Abu Qusai?"

"Jana," nikasema. Neno lilitoka lenyewe. "Jana, kwa ajili ya theluji."

Umm Qusai alikuwa anawavalisha. Zilikuwa dakika tatu, nne. Lakini mtu kaingia nyumbani kwako baada ya miaka miwili, utafanyaje? Birika la kahawa lilikuwa mezani tangu alfajiri, bado lina moto. Nikammiminia kikombe. Akakipokea kwa mkono wa kulia kama inavyopasa. Hakunywa. Akainama, akakiweka chini kwenye zulia, mbele yangu.

Kwetu hilo halihitaji kuelezwa. Mwenye ombi zito hanywi mpaka umtimizie. Wazee wameketi hivyo mbele ya kahawa kuomba damu isamehewe.

"Ninachotaka unakijua," akasema. "Masizi yale si ya jana. Mimi safari ile nilikunywa kahawa yako na uongo mdomoni, na miaka miwili haijanishuka. Leo sinywi hivyohivyo. Daktari atauliza siku. Nipe siku ya kweli, nami nitakunywa."

Nilifungua mdomo. Nilimwona Umm Qusai akishuka ngazi na mtoto, uso wake. Bado anaamini ni yule mwanamke aliyesema "mnene hivi". Siku tano anamlaani mwanamke wa watu kila sala. Nikafunga mdomo.

Awwad akasimama. "Twende. Kahawa itangoja."

Pikapu yake ina minyororo kwenye magurudumu. Alitukanyagia theluji mpaka hapa, nusu saa, madirisha yote wazi kwa amri yake, Umm Qusai amemfunika mtoto kwa mwili wake na hajalalamika hata neno moja. Nilikuwa nimekaa nyuma, wazi, kwenye bodi. Sikusikia baridi. Hakuna aliyeniambia nikae ndani nami sikuomba.

Nimewaambia wauguzi hapa: moshi wa boila. Wamekimbia nao. Walipomchoma mtoto sindano ya damu tulisikia sauti ndogo. Kilio! Kibovu, kifupi, lakini kilio. Umm Qusai kaanguka magotini hapo hapo.

*

Daktari ametoka. Msichana tu, wa umri wa Rudayna, macho yamechoka. Rudayna anajibu akiulizwa, oksijeni inamsaidia. Kuhusu mtoto, bado hana hakika. Kaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba: hewa hii mmeivuta tangu lini?

Awwad alikuwa nje anakaza minyororo. Umm Qusai alikuwa ananitazama. Nikasema, "Tangu jana."

Akaandika. Niliuona mkono wake ukiandika! Akasema vizuri, kama ni jana tu atabaki hapa kwenye oksijeni. Ingekuwa siku nyingi angempeleka Amman kwa mabingwa wa watoto, wana mashine asizonazo yeye. Gari la wagonjwa linaondoka saa nane nyuma ya greda la kusukuma theluji, na baada ya hapo hakuna jingine mpaka kesho. Kasema anaangalia majibu ya damu kwanza, atarudi kuuliza tena, maana jambo moja halimkai sawa. Kaingia.

Sasa ni saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Nilitaka kumfuata. Sikumfuata. Nikisema, Umm Qusai atajua. Rudayna atajua. Maen anasafiri kutoka Akaba, atajua. Kila mtu Ajloun atajua kwamba Mufleh, mwalimu wa mafundi, kaziba moto pumzi kwa mikono yake na kumwekea mjukuu aliyengojwa miaka tisa moshi kitandani. Naogopa. Naogopa macho yao kuliko nilivyoogopa ule mlipuko. Aibu gani hii, kwamba hata sasa nahesabu macho ya watu!

Awwad karudi, theluji kwenye mabega. Kakaa karibu yangu, kiti kimoja katikati. Kaniuliza kwa sauti ya chini umewaambia siku ngapi. Nikatazama sakafu. Hakupaza sauti, hakunitukana. Alisema tu, akiutazama mlango wa kijani:

"Kikombe changu bado kiko kwenye zulia lako, ndugu yangu."

Kasoro dakika sita. Dereva wa gari la wagonjwa kawasha injini nje, naisikia. Inawaka vizuri, penye hewa.

Niliziba kidirisha Jumapili, tarehe 5 Januari, mchana, waliposhuka garini tu. Niliziba mimi. Siku kumi na moja.

Nimeandika hapa kwanza, mkono uzoee, ulimi ufuate.

Umm Qusai kaacha tasbihi. Analitazama daftari. "Unaandika nini, Abu Qusai?"

Mlango unafunguliwa. Nasimama —